Beji za Kidijitali Vyuoni: Nani Ameisoma Kazi Iliyo Nyuma ya Picha?

Chukua hati ya matokeo ya mhitimu yeyote, nenda kwenye somo la takwimu, utakuta herufi moja tu. Tuseme ni B. Ndani ya herufi hiyo kumefungwa majaribio mawili ya katikati ya muhula, kazi ya kikundi ambayo huenda mtu mmoja aliwabeba wenzake wanne, na mtihani wa saa tatu. Mwanafunzi anayejua kuteua sampuli kwa ustadi, lakini akiwekewa jedwali la matokeo anaduwaa, hupata B. Mwenzake aliye kinyume chake kabisa naye hupata B. Mwajiri hawezi kuwatofautisha, na wao wenyewe wanaondoka chuoni bila kujua kila mmoja alipungukiwa wapi.

Hilo ndilo tatizo ambalo beji za kidijitali, yaani vyeti vidogo vya mtandaoni vinavyothibitisha stadi moja moja, zilikuja kulitibu, na ni tatizo la kweli. Nalitaja mapema kwa sababu sehemu kubwa ya haya yanayofuata ni lawama, na sitaki nieleweke kwamba naitetea herufi B. Ninachodai ni kwamba vyuo vingi vimeipokea beji kama ununuzi wa programu ya kompyuta, ilhali ni uamuzi kuhusu saa za kazi za wahadhiri. Karibu kila kasoro nitakayoitaja hapa chini imezaliwa na kukwepa uamuzi huo.

Kwanza beji yenyewe. Mwaka 2011 Mozilla, shirika linalotengeneza kivinjari cha Firefox, kwa ufadhili wa wakfu wa MacArthur wa Marekani, ilianza kujenga mfumo wa wazi ulioitwa Open Badges. Wazo lilikuwa jepesi na zuri: picha ndogo unayoiona kwenye skrini ibebe data ndani yake. Ukiifungua unakuta nani aliyeitoa, amepewa nani, lini, kwa vigezo gani, inaisha lini kama ina mwisho, na ni wapi unapoweza kuiona kazi aliyoifanya mwenye beji. Tangu 2017 kiwango hicho kinasimamiwa na IMS Global, shirika la viwango vya teknolojia ya elimu ambalo siku hizi linaitwa 1EdTech. Toleo la 3.0 limeunganishwa na kiwango cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, cha hati zinazohakikiwa kidijitali, kiasi kwamba mtu wa mbali anaweza kujua kuwa beji haikughushiwa bila kumpigia simu msajili wa chuo.

Lakini soma kiwango chenyewe kwa makini. Mtoaji lazima atajwe. Vigezo lazima viandikwe. Ushahidi ni wa hiari.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Beji inaweza kupita kila ukaguzi wa kiufundi, saini yake ikawa halali, tarehe sahihi, jina la chuo lenye heshima, na bado pasiwe na ukurasa mmoja wa kazi nyuma yake. Mashine inathibitisha kwamba chuo fulani kimesema kuwa mtu fulani anaweza. Kama kweli anaweza, mashine haijui, na aliyeitengeneza hakuwahi kudai kwamba itajua. Wenye kudai hivyo ni wasemaji wa vyuo siku ya uzinduzi.

Na kitu kikishakuwa cha hiari, katika ofisi yenye shughuli nyingi, hakifanywi. Mifumo ya kujifunzia mtandaoni ina kitufe kinachomruhusu mhadhiri kutoa beji bila kuigusa: mwanafunzi akishafungua nyaraka zote, akatazama video hadi mwisho, akapata 7 kati ya 10 kwenye maswali ya kuchagua jibu, picha inajitokeza yenyewe. Akikosa, anarudia mpaka apate. Vigezo vya beji vikiandikwa kwa lugha ya mtaala huonekana vya maana sana, kwa hiyo mtu anaweza kutunukiwa beji ya fikra tunduizi kwa sababu amebofya mara nyingi za kutosha. Sitii chumvi. Hivyo ndivyo vifaa vilivyo, na mhadhiri mwenye darasa la watu mia mbili hawezi kulaumiwa kwa kutumia kitufe alichopewa.

Watetezi wa beji za namna hii hujibu kwamba hata kama hazipimi kitu, zinahamasisha. Hapa inafaa twende polepole, maana utafiti upo na hauwaungi mkono kama wanavyodhani.

Aliyesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji hakuhitaji maabara, ila maabara zimemuunga mkono kwa kiasi fulani. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa shule ya awali ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa tuzo: cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe, yaani beji kwa jina lingine. Wengine hawakuahidiwa chochote, na kundi la tatu walipewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa baada ya kuchora. Siku kadhaa baadaye, wakati wa mchezo huru, walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda waliochora wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Kilichoharibu hamu ni kuchora kwa ajili ya cheti.

Hao walikuwa watoto wadogo, na nisingejenga sera ya chuo kikuu juu yao. Basi tuwatazame watu wazima. Mwaka 2013 Ashton Anderson na wenzake walichambua mienendo ya watumiaji wa Stack Overflow, tovuti ya waandishi wa programu ambayo hutoa beji kwa idadi ya maswali, majibu na kura. Waliona kwamba mtu akikaribia kiwango cha kupata beji huongeza kasi ya kitendo kinachohesabiwa, na akishaipata kasi hushuka. Beji ilisukuma watu, hilo halina ubishi. Iliwasukuma kuelekea kwenye kile kilichohesabiwa, hadi pale hesabu ilipokoma. Miaka miwili baadaye Michael Hanus na Jesse Fox walilinganisha madarasa mawili ya kozi moja ya chuo kikuu kwa muhula mzima. Darasa lenye beji na ubao wa washindi lilimaliza muhula likiwa na hamu ndogo zaidi, na alama zake za mtihani wa mwisho zilikuwa chini. Ni kweli kwamba beji zilichanganywa na ubao wa washindi, kwa hiyo hatuwezi kuitwika beji mzigo wote. Lakini chuo kinachonunua beji kwa hoja ya hamasa pekee kinanunua kitu ambacho kinaweza kufanya kazi kinyume.

Mimi ningeachana kabisa na hoja ya hamasa. Beji ina faida nyingine iliyo kubwa zaidi, na ambayo haihitaji nyota wala utepe: inamlazimu mhadhiri aseme mapema, kwa maandishi, ni kitu gani hasa anataka kuona. Vigezo vya beji havikubali kujificha ndani ya wastani. Huwezi kufidia sampuli mbovu kwa mahudhurio mazuri. Na kwa kuwa beji haina B wala C, jibu la mhadhiri linabaki kuwa moja kati ya mawili: umefika, au bado.

Hiyo “bado” ndiyo sehemu yenye thamani. Mtafiti wa elimu Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi waliorudishiwa kazi zikiwa na maoni pekee waliendelea kuimarika, ilhali waliopewa alama hawakuimarika, hata pale alama ilipofuatana na maoni. Jicho likiona alama huishia hapo. Beji ikitolewa au kunyimwa bila neno lolote ni alama nyingine tu, tena alama isiyo na ngazi za katikati. Ikinyimwa kwa maelezo ya mistari mitano, kwamba hapa umechagua wahojiwa uliowafikia kwa urahisi kisha umezungumza kana kwamba wanawakilisha watu wote, rekebisha ulete tena, hapo mwanafunzi amefundishwa. Pengine ndiyo mara ya kwanza katika muhula mzima mtu amesoma kazi yake na kumjibu yeye.

Wazo hili ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Fred Keller na wenzake waliandaa kozi ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Brasília kwa mpango uliogawa somo katika vipande vidogo. Mwanafunzi alisonga kwa kasi yake, hakuruhusiwa kwenda kipande cha pili mpaka aonyeshe amekimudu cha kwanza, na akishindwa alirudia bila adhabu. Kazi zilisahihishwa papo hapo na wanafunzi waliokwisha kuumudu mpango huo, huku mwalimu akibaki na muda wa kuandaa na kuamua kesi ngumu. Mpango huo ulienea sana Marekani katika miaka ya 1970, kisha ukafifia. Wanafunzi walioachiwa waende kwa kasi yao wengi waliahirisha mpaka dakika za mwisho, na vyuo vilichoka kulisha mpango uliotaka wasahihishaji wengi. Ukiondoa picha na saini ya kidijitali, beji inayotolewa vizuri ni mpango wa Keller. Itakufa kwa maradhi yaleyale kama hatutajifunza ulikufaje.

Sasa tuje kwenye ahadi kubwa zaidi, kwamba beji zitamwezesha kila mwanafunzi kujifunza kwa njia yake. Ukichungulia mifumo mingi, njia hiyo ni ileile ya wenzake: anaipita tu kwa mwendo tofauti, akiwa na ruhusa ya kuruka kituo kimoja au viwili. Mwendo ni jambo jema, hasa kwa anayesoma huku anafanya kazi. Lakini kuna uhuru mkubwa zaidi ambao hautumiki, nao ni uhuru wa kuchagua mahali pa kuonyeshea stadi.

Chukua tena stadi ya kuteua sampuli. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kuionyesha kwa kumbukumbu za muda wa kusubiri wa wagonjwa wodini. Wa uhasibu ataionyesha kwa kukagua hati za malipo, na wa isimu kwa rekodi za mazungumzo. Data zao hazifanani hata kidogo, ila wote watatu wanaweza kuulizwa maswali yaleyale: umeteuaje, kwa nini hivyo, na matokeo yako hayawezi kusema nini? Vigezo vikishikilia stadi badala ya umbo la kazi, ushahidi unaweza kuwa wa aina elfu. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilipobuni beji za programu yake ya kilimo endelevu miaka ya mwanzo ya 2010, kilianzia kwenye umilisi mpana kama kufikiri kimfumo, jambo ambalo mwanafunzi angeweza kulionyesha shambani, maabara au kwenye kazi ya kujitolea. Huko ndiko beji inakoizidi hati ya matokeo kwa mbali.

Na kuna mwanafunzi ambaye hazungumziwi sana, mtu mzima aliyefanya kazi ya data kwa miaka kumi kisha akaingia chuoni kutafuta shahada. Kwa haki, huyo angewasilisha kazi zake, akahojiwa, akapewa beji wiki ya kwanza, na muda wake ukaenda kwenye yale asiyoyajua. Vyuo vinasitasita kwa sababu vinahesabu elimu kwa saa za kukaa darasani, na ada hufuata saa hizo. Mazoea hayo yaliota mizizi Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wakfu wa Carnegie ulipoweka kipimo cha saa za masomo kama sharti kwa vyuo vilivyotaka maprofesa wao waingie kwenye mpango wake wa pensheni. Yaani kipimo tunachokichukulia kama sheria ya maumbile kilishika kasi kupitia mlango wa pensheni za walimu.

Uhuru huo wote, hata hivyo, una bei, na bei yake ni macho ya kusoma. Kazi 120 zinazofanana husahihishwa haraka kwa sababu msahihishaji akifika ya ishirini anajua makosa yatakayokuja. Kazi 120 zisizofanana hazimpi nafuu hiyo. Tena wahadhiri wawili wanaosoma ushahidi wa aina tofauti lazima wakae pamoja walinganishe maamuzi yao mara kwa mara, la sivyo beji ya mmoja itakuwa rahisi na ya mwingine itakuwa jiwe.

Tupige hesabu, maana wanaozindua mifumo hii hawaipigi hadharani. Darasa lina wanafunzi 120, kozi ina beji 6, na kila ushahidi unasomwa na kujibiwa kwa dakika 15. Hizo ni saa 180. Nusu ya kazi zikirudishwa kwa “bado” na kuletwa tena mara moja, ongeza saa 90. Jumla 270 kwa kozi moja. Mtihani wa mwisho wa darasa hilohilo, kwa dakika 20 kila karatasi, unachukua saa 40. Mhadhiri akiambiwa atoe beji sita juu ya mtihani na majaribio aliyonayo, atabonyeza kile kitufe cha kutoa zenyewe, na mimi ningebonyeza.

Punguza sasa. Beji tatu badala ya sita, kila moja nzito: saa 135, na marudio yakiwemo. Futa mtihani wa mwisho, umeokoa 40. Futa majaribio mawili ambayo kila moja lilisahihishwa kwa dakika 10 kwa mwanafunzi, umeokoa 40 nyingine. Zimebaki saa 55 za ziada, na hapo wasaidizi wa mtindo wa Keller, wanafunzi wa mwaka wa juu waliokwisha kupata beji hizo, wanaweza kufanya usomaji wa kwanza kwa malipo. Si mzigo mdogo, lakini unabebeka. Tatizo ni kwamba njia hii inadai kufutwa kwa kitu, na katika vyuo kuongeza ni rahisi kuliko kufuta.

Wapo watakaosema mashine zenye akili bandia zitasoma kwa niaba yetu. Labda kwa usomaji wa kwanza, kukagua kama viambatisho vipo na kama maswali yote yamejibiwa. Ila mashine hizohizo ndizo zilizoufanya ushahidi wa maandishi uwe rahisi kutengenezwa. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, ripoti nadhifu ya kurasa nane haithibitishi tena kwamba mwandishi wake aliielewa. Dawa ninayoiamini ni mahojiano mafupi ya ana kwa ana juu ya kazi aliyoileta mwanafunzi, hata kama watahojiwa wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa nini uliwaacha hawa nje ya sampuli? Aliyefanya kazi hujibu, tena mara nyingi kwa furaha. Na kuna ushahidi ambao hata usingepaswa kuwekwa mtandaoni: kumbukumbu za wagonjwa wa yule mwanafunzi wa uuguzi ni siri. Hapo kinachobaki kwenye beji ni maelezo ya mhadhiri kuhusu alichokiona, na jina lake chini yake.

Nje ya chuo hali ni ya soko la kelele. Ripoti ya mwaka 2022 ya Credential Engine, shirika la Marekani linaloorodhesha vyeti na sifa za kielimu, ilihesabu zaidi ya sifa milioni 1 tofauti zinazotolewa Marekani pekee, kuanzia shahada hadi beji. Hakuna mwajiri atakayezisoma. Mwanauchumi Michael Spence alieleza tangu 1973 kwamba elimu humpa mwajiri ishara pale tu ambapo kuipata ni kugumu zaidi kwa asiye na uwezo kuliko kwa aliye nao. Beji inayopatikana kwa kila aliyehudhuria haina ishara yoyote, hata ikisainiwa kwa hisabati ya hali ya juu kiasi gani. Ningependa kuona kwenye kila beji takwimu mbili ambazo kiwango hakizidai: wangapi waliwasilisha kazi, na wangapi waliambiwa “bado” angalau mara moja. Chuo kisichothubutu kuzichapisha kimeshajieleza.

Jambo moja la kiutawala, kwa ufupi. Mkoba wa mtandaoni wa Mozilla, ambamo watu wengi walihifadhi beji zao za mwanzo, ulifungwa mwaka 2019 na watumiaji wakahamishiwa Badgr, mfumo mwingine wa beji. Mwaka 2022 Badgr ikanunuliwa na Instructure, kampuni ya mfumo wa kujifunzia wa Canvas, na mwaka huohuo kampuni ya elimu ya Pearson ikainunua Credly, kampuni nyingine ya beji. Mafanikio ya mwanafunzi yanabadilisha mmiliki bila yeye kuulizwa. Ofisi ya msajili inapaswa kutunza nakala ya beji na ya ushahidi wake kama inavyotunza matokeo ya mtihani, na mwanafunzi apewe faili lake mkononi.

Chuo kinachotaka kuanza kingechukua kozi moja, beji tatu na mihula miwili, kikiandika saa zote zilizotumika kusoma. Lakini kabla ya hapo swali lipelekwe kwenye seneti: ni mtihani upi unaondoka? Kama jibu ni kwamba hakuna, basi fedha zilizotengwa kwa ajili ya leseni ya mfumo wa beji zingefaa kwanza kuajiri wasahihishaji.